Unataka kusomea teknuwari ukiwa Tanga? Usianze na mvua

Juzi kijana mmoja wa Korogwe aliniandikia: “Shikamoo dada. Nasikia umesomea usimulizi wa kidijitali na zile filamu za teknuwari. Na mimi nataka. Nianze wapi, na nifanyeje ili watu wasinicheke?” Nikajaribu kumjibu kwa ujumbe mfupi, ujumbe ukagoma kuwa mfupi. Basi namjibu hapa, maana najua mko wengi mnaotaka kitu hichohicho: kuandika hadithi za giza zenye mashine ndani yake, watu wazisome kwenye simu, na Mungu akijalia, mlipwe.

Nianze na hilo la kuchekwa, kwa sababu bado linaniwasha.

Kazi yangu ya kumalizia masomo niliipeleka kwenye shindano moja la hadithi za kidijitali. Inamhusu wakala wa pesa wa Ngamiani anayegundua kwamba kuna laini nyingine ya simu iliyosajiliwa kwa kidole chake. Majaji walijibu kwa ustaarabu kabisa: imeandikwa vizuri, ila hawakuuona ulimwengu wa teknuwari, na teknolojia iko wapi? Hadithi ina simu, ina alama za vidole, ina kumbukumbu ya majina ya watu iliyofungiwa mahali fulani asikokujua mtu, halafu naulizwa teknolojia iko wapi. Nilicheka, kisha nikakaa muda mrefu sicheki. Nilipoiona kazi iliyoshinda ndipo nikaelewa walikuwa wanatafuta nini. Ilikuwa na maghorofa, taa za zambarau, mvua isiyokatika na magari yanayopaa, katika mji usio na jina ambao watu wake hata chai hawanywi. Magari yanayopaa! Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani hapa jirani, aliiweka nchi nzima angani katika Kusadikika mwaka 1951, na sijasikia jaji aliyemdai injini.

Haya, nimetua. Tuendelee.

Kwa ambaye hajakutana nayo, teknuwari imepata jina lake kwenye disko. Katika The Terminator ya James Cameron, ya mwaka 1984, kuna klabu ya usiku inayoitwa hivyo, na jina likakwama kwenye filamu zote za namna ile, za uhalifu na giza ambamo mashine imeshika shingo ya mtu. Nyuma yake iko nuwari ya asili, yaani zile filamu za uhalifu za Marekani za miaka ya 1940 ambazo wahakiki wa Ufaransa walizipa jina la filamu nyeusi vita vilipokwisha. Baadhi ya mabingwa wake, kina Billy Wilder na Fritz Lang, walikuwa wameikimbia Ujerumani ya Hitler. Walikuwa na taa moja kali, vivuli virefu, na mhusika anayejisimulia kwa sauti ya mtu ambaye mambo yamekwisha mharibikia. Nyingi zilitengenezwa kwa pesa kidogo, na giza likasaidia kuficha kuta za mbao. Hapo pa pesa kidogo pashike vizuri, wewe wa Korogwe.

Filamu tuliyoichambua hadi ikatuchosha ni Blade Runner ya Ridley Scott, ya mwaka 1982. Kisa chake kimewekwa Los Angeles, Novemba 2019. Mpelelezi anawapima watu kwa mashine inayosoma macho yao, ajue yupi binadamu na yupi ametengenezwa kiwandani. Wenzangu darasani walikuwa wanaandika kuhusu mvua na mataa. Mimi nikakwama kwenye tarehe. Novemba 2019 sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa kwenye foleni! Laini za simu zilitakiwa zisajiliwe kwa alama za vidole, mwisho Desemba 31, na bila namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, hupiti. Baadaye muda ukaongezwa hadi Januari 20, 2020.

Nilimpeleka bibi yangu kusajili. Bibi ujana wake wote ulikwenda kwenye shamba la mkonge, akianika na kukusanya singa, na singa haziachi kidole kama kilivyozaliwa. Anaweka kidole, mashine inakataa. Anapanguswa kwa kitambaa, anaweka tena, inakataa. Yule kijana wa usajili hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anarudia tu, “Bibi, bonyeza kidogo.” Bibi akamtazama, akamuuliza, “Kwani mwanangu, hiyo inasema mimi si mimi?” Foleni nzima ikaangua kicheko, na bibi mwenyewe akacheka.

Sasa niambie, pale pamepungua nini? Kuna mashine inayopima kama wewe ni wewe, kuna mtumishi anayetii mashine kuliko macho yake, na kuna mtu ambaye kazi yake ya zamani imemfutia ushahidi wa kuwepo kwake. Mvua ndiyo iliyokosekana tu. Nilipoyaandika haya kwenye insha yangu, mwalimu mmoja (simtaji, bado anasahihisha mitihani ya watu) aliandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba nimetoka nje ya mada. Nilipata alama za kutosha kufaulu, si za kujivunia. Insha hiyohiyo ndiyo iliyozaa hadithi ya wakala, na hadithi ya wakala, majaji wapende wasipende, imeshafika kwenye simu za watu ambao sijawahi kuonana nao. Dereva mmoja wa bodaboda wa Makorora alinisimamisha kuniuliza wakala alifungwa au hakufungwa. Cheti kama hicho hakitolewi chuoni.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: andika unachokiona. Usianze na mvua. Ile mvua na moshi wa Blade Runner pamoja na uzuri wake wote vilisaidia pia kuficha mapengo ya mtaa uliojengwa studioni. Wewe una mtaa wa kweli, unataka kuficha nini? Jean-Luc Godard alipotengeneza Alphaville mwaka 1965, habari ya mji unaotawaliwa na kompyuta, hakujenga mandhari ya kesho. Alitoka usiku akapiga picha Paris ileile ya siku zile, majengo yake ya vioo na korido zake, akaziita sayari nyingine. Na mwaka uleule wa 1965 huku kwetu Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, riwaya ya upelelezi yenye chombo cha mawasiliano juu ya jalada. Ukiambiwa mambo haya ni ya wageni, mwambie msemaji akaulize maktaba.

Hadithi yangu inaanza na ujumbe ambao kila Mtanzania mwenye simu ameshaupata: “Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la mke wangu.” Wakala anaizoea michezo hiyo, anawaonya wateja, anazituma namba za matapeli kwenda 15040, namba ya kuripotia utapeli, kama tunavyoelekezwa. Usiku mmoja kwa udadisi anaijaribu namba ili aone ni nani. Jina linalokuja ni lake mwenyewe. Anapiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA, na anaikuta moja asiyoijua. Kuanzia hapo msomaji ndiye anayechagua: aende polisi, amwambie mkewe, au aipigie ile laini. Sikubuni chombo chochote. Vyote viko mfukoni mwako.

Nimeitengeneza kwa Twine, programu ya bure iliyoanzishwa na Chris Klimas mwaka 2009. Unaandika vipande vya hadithi, unaviunganisha, inakutolea faili moja dogo linalofunguka kwenye kivinjari, na linatumwa WhatsApp bila kumaliza bando la mtu. Sehemu ya kuunganisha vipande sitaieleza, inachosha na utaijua kwa kuifanya.

Pale njia ilipogawanyika nikaweka sauti, na sauti ndiyo iliyonipa kazi. Usimulizi wa kidijitali kama tulivyofundishwa ulianzia California mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye warsha za kina Joe Lambert na Dana Atchley. Watu wa kawaida walikuja na picha zao za familia, wakarekodi kisa chao kwa sauti yao, ikatoka filamu ya dakika mbili tatu. Masharti yake ni ukweli na sauti yako mwenyewe. Nuwari nayo inasimuliwa na mtu anayekuficha kitu. Darasani tuliambiwa hivi viwili havikai chumba kimoja. Mimi nasema vinakaa, tena vizuri, ukimpa mhusika mwongo sauti ya mtu mkweli. Sauti ya wakala ni ya mjomba wangu, fundi baiskeli asiyejua kuigiza hata chembe. Nilimrekodi usiku ndani ya chumba chenye magodoro, feni imezimwa, jasho linamtoka. Ile pumzi anayoivuta kabla ya kusema “mimi sikusajili laini hiyo” ni ya joto, lakini wasikilizaji wanasema ni ya hatia. Nani awasahihishe?

Na muziki. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Acheni saksafoni za kuigiza nuwari. Tunakaa kwenye mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, mji ambao taarabu yake iliacha okestra kubwa ikaingiza magitaa, mashairi yake yakijaa usaliti, mafumbo na mtu anayemwambia mwenzake najua ulichofanya, halafu mtoto wa Chumbageni anatafuta saksafoni ya New York ya bure mtandaoni! Usichukue wimbo wa mtu bila ruhusa, haki ni za wenyewe. Tafuta mpiga gitaa mtaani, mlipe, akupigie mstari wake.

Vijana wenzangu, tuna ugonjwa wa kudharau kilicho karibu. Mtu anakopa kwenye programu ya simu, anachelewa kulipa, programu inafungua orodha yake ya namba na kumtumia ujumbe baba mkwe kwamba mkweo ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Kila moja ina wadaiwa, kila mdaiwa ana mkwe, na kila mkwe ana simu. Halafu mnaniambia hamna visa? Kaeni kwa wakala jioni moja, msikilize. Andikeni mnachokiona. Nimeshalisema na nitalirudia, kwa sababu barua zenu zote zinaniuliza habari za kamera na hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za masikio.

Tena mwende kwa adabu. Wakala niliyekaa kwake wiki kadhaa nilimweleza mapema kwamba naandika hadithi. Nikabadilisha mtaa, nikabadilisha biashara ya mkewe, na kisa cha mteja aliyelia pale kaunta sikukitia kabisa ingawa kilikuwa kizuri kuliko vyote nilivyovipata. Hasira ya majaji imenipita (imepunguka, tuseme), lakini kama yule mama angejitambua kwenye simu ya jirani yake, hilo lisingenipita.

Swali lako jingine, wewe wa Korogwe, lilikuwa kama kompyuta ni lazima. Kwa kusoma na kusikiliza, simu yatosha. Kwa kuunganisha vipande vya Twine, kioo cha simu kinabana, nenda steshenari ulipie saa chache, ila andika hadithi yote kwenye daftari kwanza na uchore mishale yake, usije ukalipia muda wa kufikiri. Wazazi wakikuuliza unasomea nini, usiwatajie teknuwari, waambie unasomea kutengeneza hadithi za simu. Mama yangu hadi leo anawaambia watu nasomea kompyuta, na sijaona sababu ya kumkatiza. Ukimaliza sura ya kwanza nitumie faili lenyewe. Usinitumie picha za skrini.