Kadi imeisha, ofisi kimya

SWALI: Shikamoo shangazi. Niko Hamburg, ni muuguzi. Niliomba kuongezewa kibali cha ukaazi kabla hakijaisha, nikatuma mkataba wa kazi, hati za mshahara, hadi mkataba wa nyumba. Kimya! Sasa kadi imeisha, msimamizi wangu ananitazama kama mzamiaji, na mdogo wangu anaolewa Tanga mwezi ujao. Niende?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kazini usitishike. Kwa kuwa uliwahi kuomba, kifungu cha 81 cha sheria ya ukaazi ya Ujerumani kinahesabu kibali chako cha zamani kuwa bado kinaendelea, ruhusa ya kazi ikiwemo. Ila uwanja wa ndege hawataki maneno. Wang'ang'anie ofisi ya wageni wakupe Fiktionsbescheinigung, ile karatasi ya muda inayothibitisha hali yako wakati ombi likisubiri. Watajie tarehe ya harusi kwenye barua pepe. Ukiipata, fungua ndani utazame kisanduku kilichotiwa alama. Kikitaja ibara ya 4 ya kifungu hicho, utatoka na kurudi, ukiwa na pasi na kadi yako ya zamani. Kikitaja ibara ya 3, usithubutu kusafiri, utakwama huku Tanga. Nakala mpe msimamizi, apumue. Tiketi isiyorudishwa hela usinunue kwanza, hata bi harusi akilia.