Fundi wa Maji Anajibu: Namba ya Saa Nane Usiku

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu mita mpya za kisasa na kompyuta za maji. Nimechagua tatu. Nilifanya kazi miaka 27 kwenye kikosi cha kutafuta mivujo, kwa hiyo nitajibu kama mtu wa mitaroni.

Shikamoo fundi. Walikuja vijana wakang'oa mita yetu ya zamani, wakatufungia ya kidijitali ambayo haina hata kigurudumu. Bili ikaruka kutoka uniti 14 hadi 31. Nyumba ni ileile, watu ni walewale sita. Majirani wanasema inasoma upepo. Ni kweli?
*Mama wa Tabata, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu. Majirani hawajakudanganya, upepo upo. Maji ya mgao yakikatika, bomba linajaa hewa, na yakirudi hewa ndiyo inayotangulia kwa kasi. Mita ya kigurudumu huzungushwa na hewa kama inavyozungushwa na maji. Lakini kwa ulivyoieleza, yako ni ya mawimbi ya sauti. Inarusha ndani ya maji mlio ambao sikio halisikii, mara kwa kufuata mkondo, mara kwa kuupinga, kisha inapima tofauti ya muda. Pasipo maji mlio haupiti vizuri, na nyingi za aina hii huonyesha alama ya hitilafu badala ya kuhesabu. Hewa siyo ninayoishuku kwanza.

Ninashuku choo. Piga hesabu nami. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Zilizoongezeka ni 17, sawa na lita 17,000 kwa mwezi. Kwa siku ni ndoo 28 hivi. Kwa dakika haifiki nusu lita. Huo ni uzi mwembamba wa maji, unashuka kimya kwenye ukuta wa bakuli la choo mchana na usiku, wala hakuna anayeuona. Simtank lako linaufidia kidogo kidogo, kwa sababu boya likikaribia kufunga huruhusu maji kuingia kama uzi huohuo. Mita kuukuu ya kigurudumu haina uwezo wa kusukumwa na uzi, ikawa miaka yote inanyamaza. Hii mpya inausikia.

Leo usiku, watu wakishalala, tia vijiko viwili vya wino wa buluu kwenye tangi la choo, usivute maji, subiri nusu saa. Bakuli likiwa na rangi, mpira wa chini ya tangi umekwisha, na fundi yeyote wa mtaani ataubadilisha. Bakuli likibaki jeupe, funga koki inayoingia kwenye simtank na mabomba yote yaliyo kabla yake, piga mita picha kwa simu, tarakimu za mwisho zionekane, kisha piga tena alfajiri. Zikiwa zimesogea, bomba lako linavuja ardhini kati ya mita na tangi. Zisiposogea na choo ni kizima, nenda ofisini na picha zote mbili uombe mita yenyewe ipimwe. Usiende na maneno matupu, nenda na picha.

Mzee, ninasoma kompyuta chuoni. Tumefundishwa kwamba miji mikubwa sasa inasimamia maji kwa skrini. Mtu aliyekaa ofisini anajuaje kwamba bomba limepasuka chini ya ardhi mtaa wa mbali?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Swali lako limenirudisha mbali, kijana wangu. Nilipoanza kazi, chombo changu kilikuwa nondo ya futi tano. Tulitoka saa nane usiku, magari yakiwa yamepungua, tukaiegemeza nondo kwenye valvu na ncha ya pili tukaiweka mfupani, nyuma ya sikio. Bomba zima liko kimya. Bomba linalovuja lina sauti kama ya mtu anayevuta pumzi kupitia meno. Sungusungu walitusimamisha mara nyingi wakidhani ni wezi, nasi tukawapa nondo wasikilize wenyewe. Yupo aliyesikia mara moja tu akatufuata mtaa mzima mpaka alfajiri, akiomba asikilize tena.

Hatukwenda saa nane kwa ajili ya kimya peke yake. Saa hiyo watu wamelala, hakuna anayefua wala kupika. Maji yanayoingia mtaani wakati huo, ukitoa kidogo cha hospitali na cha matangi ya usiku, yanakwenda pasipotakiwa. Hiyo namba ya saa nane ndiyo moyo wa teknolojia yote uliyofundishwa. Mji unakatwa vipande, kila kipande kinaingiziwa maji kwa njia moja au mbili, na kila njia inawekwa mita inayotuma hesabu kwa mtandao wa simu kila robo saa. Kompyuta inaizoea tabia ya kipande hicho. Usiku mmoja namba ya saa nane ikipanda na isishuke tena, tayari unajua mtaa, ingawa hujajua shimo. Shimo linatafutwa kwa vinasa sauti viwili, kimoja kila mwisho wa bomba. Mlio wa mvujo unafika kwenye kimoja kabla ya kingine, na tofauti ya muda inakupa umbali wa kupima kwa futikamba. Ila ujue kwamba mabomba ya plastiki, ambayo ndiyo yamejaa miji yetu, yanameza sauti. Bomba la chuma linaimba mbali, la plastiki linanong'ona tu. Kwa hiyo mtu mwenye sikio bado anatakiwa.

Kingine ni presha. Shimo lilelile humwaga zaidi maji yakisukumwa kwa nguvu zaidi, na usiku, koki zikifungwa, presha hupanda. Khayelitsha, kule Cape Town, mwaka 2001 walijenga kituo cha kupunguza presha kwenye mabomba makubwa yanayolisha mji ule, chenye kidhibiti kinachoishusha zaidi usiku. Waliokoa mita za ujazo zipatazo milioni 9 kwa mwaka bila kufukua kila barabara. Mengi ya maji yale yalikuwa yakipotelea ndani ya nyumba, kwenye vyoo na koki zilizochoshwa na presha.

Nakuomba uliweke moyoni jambo hili kabla hujaajiriwa. Niliwahi kukaa mbele ya skrini kubwa ya mji mmoja, kipande kimoja kikiwaka rangi nyekundu kwa wiki tatu. Kila asubuhi nilikiona. Gari la kikosi halikuwa na mafuta. Mama mmoja wa kipande kilekile alikuwa akinunua maji ya dumu kwenye mkokoteni, na mimi nilijua maji yake yanakwenda wapi. Ukitengeneza programu, tengeneza na sehemu inayouliza nani ametumwa, ametoka saa ngapi, amefunika shimo lini. Mwaka 2022 Mto Ruvu ulipopungua, uzalishaji wa maji ya Dar es Salaam ulishuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi kama milioni 300. Mto ukikauka hivyo, kila shimo lililosahauliwa ni ndoo ya mtu.

Fundi, tuko wapangaji wanane ploti moja Umoja, Nairobi. Landlord anataka kila mmoja awe na mita yake ya tokeni, ulipe kwanza ndipo maji yatoke. Tukubali?
*Mpangaji*

Mita ya kila mlango, ndiyo, ikubalini leo. Magomvi ya nani amefua blanketi yataisha. Kulipa kwanza ndiko kunakonitia wasiwasi. Kwenye kioski kunafaa: mashine za maji za kadi zilizowekwa Mathare mwaka 2015 ziliuza lita 20 kwa senti 50, na mteja akaijua bei bila kubembeleza mtu. Nyumbani ni tofauti, maana pesa ikiisha usiku na mtoto anaharisha, valvu haijui. Wakazi wa Phiri, Soweto, walilipeleka jambo hili mahakamani. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikaamua mwaka 2009 kwamba mita zile ni halali, na pale kila nyumba ilikuwa ikipata lita 6,000 za bure kwa mwezi. Nimeishi na uamuzi ule miaka mingi, na bado moyo wangu uko upande wa wale wakazi.

Kwa hiyo mwambieni landlord mambo matatu yaandikwe kabla hajafunga kitu. Bei ya tokeni isizidi ile anayolipa yeye kampuni ya maji, pamoja na gharama mtakayokubaliana wazi. Mita iwe na akiba ya dharura, hata ndoo kumi, inayotoka pesa ikiisha na kukatwa kwenye tokeni inayofuata. Na betri ikifa, valvu ibaki wazi, isibaki imefungwa. Hilo la mwisho muulizeni muuzaji mwenyewe mkiwa naye dukani, kwa sababu mita nyingine huja zimepangwa zifunge.