Kuipeleka familia Texas Renaissance Festival: muda, nguo, hela na chakula

Mleta uzi ameuliza kama inafaa kuwapeleka watoto watatu (wa mwaka mmoja na nusu, miaka 6 na miaka 11) pamoja na mama mkwe aliyekuja likizo kutoka Dodoma, na wabebe nini. Inafaa, mkuu. Ila ukifika saa tano asubuhi umeshaiharibu siku.

Kwa wasioijua, hicho ni kijiji cha kuigiza Ulaya ya karne ya 16. Kiko Todd Mission, kama maili 50 kaskazini-magharibi mwa Houston, kilianza 1974, na hufunguliwa wikendi za Oktoba na Novemba. Kwanza chagua wikendi, maana kila moja ina mada yake. Ile ya Barbarian Invasion watu huvaa vipande vya ngozi na ujasiri mwingi. Ukiwa na mama mkwe, iruke. Vilevile Jumapili huwa na watu wachache kuliko Jumamosi.

Barabara ya FM 1774 ndiyo inayokula muda wa watu. Ni nyembamba, na karibu kila mtu anaipita. Uwe maegeshoni kabla ya saa tatu asubuhi. Piga picha ya alama iliyo karibu na gari lako, kwa sababu jioni ule uwanja wote unafanana.

Kigari cha mtoto chenye magurudumu madogo hakifai, kinakwama kwenye changarawe na mizizi, na mvua ikinyesha ndiyo basi tena. Beba cha magurudumu makubwa, au mbebe mdogo kwa mbeleko ya kanga, ambayo kwenye msongamano inashinda kigari chochote. Mama mkwe atembee na viatu vya kufunika vidole. Kama magoti yanamsumbua, usipange kuzunguka kijiji chote. Chagua majukwaa mawili matatu yaliyo jirani.

Nguo za kizamani si lazima. Ukitaka kuvaa, epuka yale magauni ya poliesta yanayouzwa mtandaoni: Oktoba ya Houston inaweza kupita nyuzi 30, na poliesta haipitishi hewa. Pamba au kitani ndiyo mpango. Na hakuna sababu ya kuazima Uingereza ya watu. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, mfalme wa pale alikuwa na joho la thamani na kilemba. Kanzu na kilemba basi vimo ndani ya zama zenyewe. Kanga ni ya karne ya 19, lakini getini hakuna anayekagua hilo. Wanachokagua ni silaha: jambia au upanga ubaki ndani ya ala, na mpini ufungwe kwenye ala kwa kamba ya plastiki ya kujikaza. Usiikate mpaka urudi kwenye gari.

Hela sasa. Tiketi ni mwanzo tu. Bembea, kurusha mishale, kurusha shoka, kupakwa rangi usoni, vyote hulipiwa kivyake. Waigizaji wa majukwaani hupitisha kofia mwishoni, kwa hiyo uwe na noti za dola 1 na 5. Beba keshi ya kutosha toka nyumbani: mchana mtandao huelemewa, mashine za kadi zinagoma, na foleni ya ATM inakuwa ndefu. Mpe kila mtoto bajeti yake asubuhi na umwambie ikiisha imeisha. La sivyo, upanga wa mbao wa kwanza atakaouona utanunuliwa kabla ya saa nne.

Chakula maarufu ni mguu wa bata mzinga. Nyama yake ni ya waridi hadi ndani, na wengi huirudisha wakidhani ni mbichi. Imeiva, rangi hiyo inatokana na kulowekwa kwenye maji ya chumvi yenye naitraiti kabla ya kufukizwa moshi. Chumvi ni nyingi, kwa hiyo mguu mmoja watoto wawili wagawane, na maji yawe mkononi. Kabla ya kumpa wa miaka 6, chomoa mishipa myeupe iliyokakamaa kama njiti, iko mingi upande wa chini, inakwama kooni. Kwa Waislamu na Wasabato: Scotch egg ni yai la kuchemsha lililoviringishiwa soseji, kwa kawaida kitimoto, kisha likakaangwa. Bata mzinga naye usimhesabu kuwa halali bila kuuliza.

Mapambano ya mikuki juu ya farasi hufanyika zaidi ya mara moja kwa siku. Nendeni ya mapema, mkae nusu saa kabla, upande ambao jua liko mgongoni, safu za juu ambako vumbi ni dogo. Mikuki imetengenezwa ivunjike ncha, ndiyo maana vipande huruka na mlio ni mkubwa. Mzibe mdogo masikio farasi wanapokutana. Pambano la mwisho la siku kwa kawaida ndilo lenye "vifo" vya kuigiza. Wa miaka 11 atalipenda, wa miaka 6 anaweza kulia.

Andika namba yako ya simu kwenye mkono wa kila mtoto kwa kalamu isiyofutika, kisha ondokeni kufikia saa kumi. Baada ya hapo utani wa majukwaani unakuwa wa watu wazima, pombe ya asali imeshapanda vichwani, na ile FM 1774 inaanza kujaa tena.