Gasketi Imeungua, au Mfuniko wa Rejeta Umechoka?

SWALI: Fundi, shikamoo. Gari langu ni la petroli, limefikisha miaka 22 na injini haijawahi kufunguliwa. Siku hizi maji yanapungua kwenye rejeta, na wiki hii limechemsha mara mbili nikipanda mlima. Fundi aliyeliona alifungua mfuniko wa oili, akakuta utando mweupe kama maziwa, akasema papo hapo gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini (hedi) na bloku yenye silinda, imeungua. Plagi, oili na breki huwa nafanya mwenyewe. Sasa nataka kuivua hedi, mimi na mdogo wangu. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anzeni kwa kupima, hedi iacheni ilipo kwanza. Gari lenye umri huo, kila boliti unayoifungua inaweza kukukatikia mkononi, kwa hiyo tusifungue kitu ambacho hakijathibitika kuwa kibovu.

Huo utando kwenye mfuniko wa oili usikutishe peke yake. Gari linalokwenda safari fupi fupi halipati joto la kutosha kukausha mvuke ndani ya injini, na mvuke huo huganda juu, penye mfuniko, ukachanganyika na oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Kama oili ya huko chini ni safi, fundi wako amehukumu mapema. Kama nayo imekuwa nyeupe, usiliwashe tena gari hilo, maana oili yenye maji inakula bearing za krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni.

Kisha tazama mfuniko wa rejeta, na uufungue injini ikiwa imepoa kabisa. Watu huudharau sana, nami naumia kila nikiona injini imevuliwa kwa ajili yake. Springi yake hushikilia presha ya karibu bar 1, na kwa presha hiyo maji hayachemki kwenye nyuzi 100, yanavumilia hadi karibu 120. Mpira wa mfuniko ukikauka au ukipasuka, presha inatoroka, maji yanachemka mapema na kusukumwa nje. Dalili zake ni hizohizo ulizoniandikia: maji kupungua, kuchemsha mlimani. Badilisha mfuniko, uwe wa presha ileile iliyoandikwa kwenye wa zamani. Angalia pia chini ya pampu ya maji kama kuna alama ya kulanti (maji ya rejeta) iliyokauka, na hakikisha feni inazunguka. Themostati, kile kilango kinachofunguka maji yakipata moto, itoe uitie kwenye sufuria ya maji ya moto pamoja na kipimajoto. Nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 90. Isiyofunguka ni ya kutupa.

Vyote hivyo vikiwa sawa, ndipo tuishuku gasketi. Injini ikiwa baridi, jaza rejeta hadi mdomoni, acha mfuniko wazi, washa. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyonaswa, yataisha. Yakiendelea bila kukoma, na ukikanyaga mafuta yakazidi, hiyo ni gesi ya silinda inapenya kwenye njia ya maji. Zima kabla maji hayajapata moto.

Halafu azima geji ya kompresheni, kipimo cha presha ndani ya silinda. Toa plagi zote, chomoa umeme wa koili na wa nozeli zinazonyunyiza petroli, mdogo wako akanyage mafuta mpaka mwisho na kupiga stata hadi mshale uache kupanda. Injini ya petroli iliyo nzima, isiyo na kasoro, aghalabu hutoa kila silinda bar 10 hadi 13, ila mimi hutazama zaidi tofauti ya silinda na silinda. Ukipata 12, 5, 5, 12, gasketi imekatika kati ya silinda ya pili na ya tatu, na huna haja ya kumuuliza mtu mwingine. Ikishuka moja tu, mwagia kijiko cha oili kwenye tundu lake la plagi upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Ikibaki palepale, shuku valvu kwanza.

Ikithibitika ni gasketi, je, mnaiweza? Mtu anayefanya breki zake kwa uangalifu anaiweza, mradi awe na kitabu cha gari hilo na toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Bila viwili hivyo, mpe fundi. Kabla ya kuvua belti ya timing, inayounganisha krenki na valvu, leta pistoni ya silinda ya kwanza juu na upake rangi alama zote. Boliti za hedi zilegezwe injini ikiwa baridi, kutoka pembeni kuja katikati. Wakati wa kufunga mnaanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua zilizoandikwa kitabuni. Boliti nyingi za siku hizi huvutika zikikazwa, basi nunua mpya.

Hedi ikishatoka, iwekee rula ya chuma iliyonyooka, kwa urefu na kwa mshazari, na upitishe fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, chini yake. Unene wa 0.05 mm ukipita, kwa injini nyingi ndogo hedi hiyo imepinda, ipelekwe ikachongwe. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda itaungua tena. Na mashimo ya boliti kwenye bloku yakaushwe kabisa: maji au oili iliyobaki shimoni haina pa kwenda boliti ikikazwa, na bloku hupasuka.

Mkimaliza, zungusheni krenki kwa spana mizunguko miwili kamili kabla ya kugusa stata. Ikigoma popote, simameni hapohapo, kwani valvu inagonga pistoni.

SWALI: Fundi, gari langu hutoa moshi wa buluu asubuhi nikiliwasha, kisha unakata. Nimeshauriwa nifungue injini nibadilishe ringi. Ni kweli?

JIBU: Hapana, mama, usifungue. Moshi wa ringi zilizokwisha huonekana zaidi ukikanyaga mafuta, gari likivuta. Unaotoka asubuhi na kukata mara nyingi ni wa sili za valvu, mipira inayozuia oili isipite penye valvu: oili imechuruzika usiku na kuingia silinda, ikaungua mara moja ikaisha. Kwa injini nyingi sili hizo hubadilishwa bila kuvua hedi, ila zinataka vifaa vya kubana springi na mkono uliozoea. Kwa sasa pima oili kila wiki gari likiwa mahali tambarare, uandike unachoongeza. Ikianza kufika lita moja kwa kila kilomita 1,000, niandikie tena, uniambie na kompresheni imesoma ngapi.