Gesi ya leza hupigwa pampu?

Swali: Mwalimu, natafsiri makala ya fizikia. Nimeandika "ufanisi wa leza ya sola ya gesi inayopigwa pampu kwa mwanga". Mwenzangu anasema haieleweki. Nimekosea wapi?

Jibu: Mwenzako ana haki, na kinachopotosha zaidi ni hiyo pampu. Kwetu hupigwa pampu tairi la baiskeli au jiko la mafuta ya taa, yaani hewa hushindiliwa. Ukiliweka neno hilo karibu na gesi, msomaji ataona mtungi unaojazwa mpaka ukaze. Kumbe mwanga huzipandisha atomu kutoka ngazi ya chini ya nishati hadi ya juu, kama maji yanavyopandishwa kutoka kisimani hadi kwenye tangi la juu ya nyumba. Zikishuka kwa mkupuo, mwale wa leza hutoka. Alfred Kastler, Mfaransa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1966, aliipa mbinu hii jina lenye pampu ndani yake. Sisi tuchukue maana, tuache chombo: kupandisha kwa mwanga.

Halafu "sola". Mtaani sola ni paneli juu ya bati, kwa hiyo "leza ya sola" itasomeka kama leza inayotumia umeme wa paneli. Watafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, kule Langley, Virginia, miaka ya 1980 walishughulikia kitu kingine kabisa: mwanga wa jua, au wa taa iliyoundwa kuuiga, huangukia moja kwa moja kwenye mvuke wenye iodini, ukavunja molekuli na kuiacha atomu ya iodini ikiwa tayari ngazi ya juu. Umeme wa paneli haumo.

"Ufanisi" nao ni sehemu ya nishati iliyoingia inayotoka kama mwale. Mvuke huo hufyonza utepe mwembamba tu wa urujuanimno, yaani mwanga usioonekana kwa macho, wenye mawimbi ya urefu wa kati ya nanomita 250 na 300 hivi, na ufanisi wake kwa mwanga wote wa jua haufiki asilimia 1. Lakini makala ikizungumzia pia wati ngapi, kwa muda gani, na kama gesi inaweza kutumika tena, huo ni utendaji. Ufanisi waweza kuwa mdogo na utendaji ukatosha kazi. Ukiyafanya maneno hayo kuwa moja, hutaweza kulisema hilo.

Mimi ningeandika: "utendaji wa leza ya gesi ambayo atomu zake hupandishwa moja kwa moja na mwanga wa jua".