Chupa Niliyokwenda Nayo Sempaya

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Nyegezi aliniandikia: "Dada, nimeona picha zako za maji moto kule Uganda. Nimeshaanza kuweka hela ya safari. Nibebe nini, na je, watu wanaoga mle?" Swali la kwanza lina jibu la mistari miwili. La pili liliniamsha usiku, maana miaka mitatu iliyopita mimi nilisafiri na swali hilohilo kichwani na sikumuuliza mtu.

Mama yangu ni Mnyambo wa Karagwe, aliyeletwa Mwanza na ndoa. Tumekua tukimsikia akisimulia Mtagata, chemchemi za maji moto zilizo msituni, upande ambao sasa ni Wilaya ya Kyerwa. Watu wa kwao wakiumwa viungo walikwenda huko na mikeka na sufuria, wakakaa siku kadhaa wakioga. Sifa zake ni za zamani. Hata Stanley, yule mpelelezi Mzungu, alipokuwa Karagwe mwaka 1876 alifunga safari kwenda kuziona. Kwa hiyo kwangu mimi maji moto yalikuwa ni maji ya kuoga. Sikujua kama kuna mengine.

Magoti ya mama yalipoanza kumsumbua, nikaona tangazo la safari ya kikundi kwenda Sempaya, nchi ya milima magharibi mwa Uganda. Kwenye picha mvuke ulikuwa umepanda hadi kwenye miti. Nikajiambia, kama ya Mtagata yanatuliza, haya yanayofoka yatakuwaje? Nikatoa akiba yangu ya kikoba, nikafungasha taulo, kanga mbili na chupa tupu ya plastiki ya lita moja na nusu. Chupa ilikuwa ya kumletea mama maji.

Njia siisimulii. Kivuko cha Kigongo, Mutukula, Masaka, Mbarara, siku mbili za kukaa kitini. Utamu unaanzia Fort Portal, pale barabara inapozunguka ncha ya kaskazini ya Rwenzori na kuteremka kona kwa kona hadi bonde la Semuliki. Juu yako kuna mlima wenye barafu, kilele chake cha Margherita kina mita 5,109. Chini unakokwenda kuna joto linalonata mwilini na msitu ambao ni ndugu wa msitu wa Kongo, umevuka tu mpaka. Ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1993. Tulisikia hondohondo kabla hatujamwona, mbega wakaturukia juu ya vichwa, halafu upepo ukatuletea harufu ya mayai viza.

Chemchemi ni mbili. Ya kike inaitwa Nyasimbi, inarusha maji juu kwa nguvu bila kupumzika. Ya kiume, Bintente, ni dimbwi pana lililofunikwa na mvuke, unalifikia kwa kukatiza kinamasi. Mwongozaji alitueleza kwamba Rwenzori si volkano, ni pande la mwamba lililosukumwa juu na nguvu za Bonde la Ufa. Mvua inanyonywa na nyufa, inazama hadi kwenye mawe yenye joto, kisha inarudi juu ikiwa inachemka. Alitumbukiza mayai yetu. Baada ya dakika kama kumi tukayamenya, yameiva hadi kiini. Mwenye akili angeishia hapo kujua maji yale ni ya nini.

Alituonya mara mbili tusitoke kwenye njia. Pembeni ya chemchemi kuna ukoko mweupe wa madini unaoonekana kama sakafu, lakini chini yake ni tope la moto. Nilimsikia vizuri kabisa. Wenzangu walipokwenda kupiga picha, nikajitenga kwenye mfereji mdogo ambapo maji yalionekana yametulia. Nilichuchumaa, nikazamisha chupa.

Chupa za plastiki za maji huanza kulegea kwenye nyuzi kama 75. Ile ilijikunja mkononi mwangu kama jani, ikajibana, na maji yaliyokuwa yameshaingia yakarudi juu ya kifundo cha mkono wa kushoto. Sauti niliyoitoa siijui ilitoka wapi. Mwongozaji alikuja mbio na maji ya kunywa akaanza kunimwagia, lakini dada mmoja wa kikundi chetu, kwa huruma yake, akanipaka dawa ya meno kiganja kizima. Nikaona baridi kidogo nikamshukuru. Zahanatini nesi alilazimika kuiosha yote ili aone kidonda, na maumivu ya kuoshwa yalizidi ya kuungua.

Naandika haya kwa herufi za kawaida lakini yasome kama nimeyapigia mstari: ukiungua, maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20, halafu hospitali. Si barafu. Si dawa ya meno, si asali, si mafuta, si unga wa ngano. Vua pete na bangili mapema kabla mkono haujavimba. Nina kovu la kunikumbusha.

Aliyetupangia safari alinitazama mkono akacheka, akasema, "Maji ya moto hayachomi nyumba, dada, utapona." Kesho yake asubuhi wakaendelea na ratiba, mimi nikabaki nyumba ya wageni peke yangu na mkono umefungwa. Hajawahi kunipigia simu hadi leo kuuliza nimefikaje. Nimesamehe, lakini methali ile nikiisikia bado moyo unajikunja kama ile chupa. Kabla hujalipa hela ya kikundi, muulize anayekuandaa: mtu akiumia, nani anabaki naye? Akibabaika, chukua hela yako. Pasipoti, kadi ya homa ya manjano, viatu vya kufunika vidole, hivyo vyote utaambiwa na kila mtu. Hili la nani anabaki hawaliandiki kwenye tangazo.

Na nyinyi mnaosafiri kwa ajili ya picha, nisikilizeni. Mwongozaji anakaa pale mwaka mzima, wewe uko pale saa mbili. Akisema usikanyage, usikanyage. Akisema usiguse, mikono mfukoni. Nimeona wazazi wakimwachia mtoto atangulie kwenye njia ya mbao ili video ipendeze, na damu ikanisimama. Maji yale hayakupi nafasi ya kujifunza kwa kujaribu.

Niliporudi, mama hakuuliza kwanza habari za mkono, kwa sababu nilivaa mikono mirefu. Aliuliza, "Maji yangu yako wapi, mwanangu?" Nilikunja nguo nikamwonyesha.

Mwezi uliopita nimempeleka Mtagata mwenyewe. Tumevuka daraja jipya la Kigongo kwa dakika chache, pale nilipokuwa nasubiri kivuko hadi jua linazama, na dawa zake za hospitali zilikuwa kwenye mkoba, kwa sababu kuoga hakujawahi kufuta maagizo ya daktari. Kabla ya kuingia aliuliza wenyeji ni sehemu gani inaogeka na ipi imezidi moto. Aliuliza watu watatu, bila haraka, kwa Kinyambo. Kisha akajaribu kwa mgongo wa mkono, kama anavyojaribu maji ya kumwogeshea mtoto mchanga.

Mimi sikuingia. Nilikaa ukingoni na viatu vyangu, mvuke ukinigusa uso, kifundo kikiniwasha ingawa kidonda kilishapona zamani. Mama alisogea hadi nilipokaa, akaushika mkono wa kushoto, akauweka begani kwake mahali pakavu, akaendelea na mazungumzo yake na wazee wa kwao.