Mnaoanza kemia ya kompyuta, someni leseni kabla hamjapiga hesabu

Wadogo zangu mnaoanza masta au PhD kwenye kemia ya kompyuta, karibuni sana. Najua sasa hivi kinachowaumiza kichwa ni basis seti ipi (zile fomula za kuwakilisha elektroni) na DFT (mbinu ya kukokotoa nishati ya molekuli) ya aina gani, hayo wa kuwafundisha wapo wengi. Mimi nataka niongelee kitu ambacho wasimamizi wengi hawakigusi mpaka pepa iko mlangoni kutoka: leseni ya hiyo softiwea, yaani nani karuhusiwa kuitumia, kuikopi, kuibadilisha na kumpa mwenzie.

Maana ukweli ni kwamba maabara nyingi mgeni akifika anapewa flashi. Ndani kuna folda la Gaussian, programu maarufu ya kulipia ya kupigia hesabu za molekuli, aliyeliweka alishahitimu zamani na hakuna anayekumbuka nani alisaini nini. Sasa kabla hujafurahi fungua faili lolote la matokeo ya Gaussian, usikimbilie chini kutafuta "Normal termination" (yaani hesabu imeisha salama) kama tunavyofanya wote, soma pale juu kabisa. Utakuta wamesema programu ni mali na siri ya kampuni, halafu linafuata onyo kwamba isitumike kwa namna yoyote inayoshindana na biashara ya Gaussian, Inc. wala kumsaidia mshindani wake, na kwamba wewe unayeitumia unathibitisha kuwa sio mshindani. Hiyo inajiandika kwenye kila hesabu unayopiga, kwa hiyo usije kusema hukuambiwa. Na kichekesho chenyewe, John Pople, mwanakemia ambaye kundi lake ndilo lilitoa Gaussian 70 mwaka 1970, enzi ambazo wanakemia walikuwa wanabadilishana programu kupitia QCPE, kituo cha kubadilishana programu pale Indiana, baadaye alihamia upande wa Q-Chem, programu nyingine ya aina hiyo, ambao ndio washindani wenyewe, na Nobel ya kemia aliichukua 1998. Kwa hiyo onyo lile lingemkamata hata mzee aliyeianzisha!

Sasa wengi wakisikia hivyo wanakimbilia ORCA, programu nyingine ya kazi hiyo, si ya bure? Ni ya bure kweli kwa wanachuo, lakini unajisajili mwenyewe kwa jina lako, unapewa baineri tu (programu iliyokwisha kukompailiwa) bila msimbo, na huna ruhusa ya kumgawia jirani hata kama bando lake limekata, na yeye akajisajili. Halafu ukitoka chuo ukaajiriwa na kampuni ya dawa, au mradi wako wenyewe unalipiwa na kampuni, ile leseni ya kitaaluma haikuhusu tena, hapo mnazungumza na kampuni ya FACCTs wanaouza ya kibiashara. GAMESS, programu ya chuo cha Iowa State, nayo wanakupa mpaka msimbo, bure, ila kuusambaza hapana. Kuona msimbo na kuruhusiwa kuugawa ni vitu viwili tofauti, hili liwakae.

VASP, programu ya kulipia ya kupigia hesabu za fuwele na yabisi, ndiyo inawanasa watu vibaya zaidi, nikae nayo kidogo. Leseni wanapewa kundi la utafiti na watumiaji wanajulikana kwa majina, ukiomba kuitumia kwenye klasta kubwa (kompyuta nyingi zilizounganishwa) wasimamizi wa klasta watataka uthibitisho kwamba umo kwenye orodha. Sawa, umo, umepiga hesabu zako, jarida linakwambia weka data zote wazi, unazipu folda zima unalitupa Zenodo, hifadhi ya wazi ya data mtandaoni. Umeshaharibu. Mle ndani kuna POTCAR, faili la data za atomi zinazokuja na VASP, na POTCAR ni sehemu ya VASP, huruhusiwi kuichapisha. Unachofanya ni kuweka INCAR, POSCAR na KPOINTS, yaani mafaili ya maelekezo uliyoyaandika mwenyewe, halafu ile POTCAR unaitaja kwa mstari wake wa TITEL, yaani jina lake, mfano "PAW_PBE O 08Apr2002", mwenye leseni ataijua na kuijenga mwenyewe. Kontena nazo, yaani vifurushi vya programu pamoja na kila inachohitaji, hivyo hivyo, ukiifunga softiwea ya kulipia ndani ya imeji ya Docker ukaiacha wazi kwa kila mtu, umeisambaza, basi.

Upande wa softiwea huria, yaani zenye leseni za kuruhusu kugawa na kubadilisha kama GPL, LGPL, Apache na BSD, kuna nafuu kubwa. Quantum ESPRESSO, CP2K na LAMMPS ni GPL, GROMACS na Psi4 ni LGPL, PySCF ni Apache, RDKit ni BSD. Shule ya ASESMA, mafunzo ya Afrika ya hesabu za elektroni, ya mwaka 2012 ilifanyika Eldoret, na shule hizo zinafundishia Quantum ESPRESSO, unaona faida yake, mtu anarudi kwao na softiwea ile ile kwenye laptopu, anawafundisha wanafunzi wake, wala haombi kibali kwa yeyote. Na msiogope GPL jamani, haigusi matokeo yako, nishati na jiometri ulizopata ni zako. Ukibadilisha msimbo ukautumia mwenyewe hudaiwi kitu, ila ukimpa mtu programu uliyobadilisha ndipo unatakiwa kumpa na msimbo kwa masharti yale yale.

Tuje kwenye skripti zako, maana utaziandika tu. Ukiziweka GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, bila faili la leseni usidhani umezitoa bure, kisheria haki zote bado zimebaki kwako na mwenzio hana ruhusa zaidi ya kuziona na kuzifoki (kujikopia) pale pale GitHub. Weka leseni siku ile ile unayoanzisha folda, ila kwanza uliza chuo na mfadhili kama kazi ni yako au ni yao. Kusubiri kuna gharama yake, wakishachangia watu kadhaa kubadilisha leseni kunahitaji ridhaa ya kila mmoja, na kuna mmoja lazima atakuwa kahamia Kanada na hajibu imeli.

Kwenye kusambaza, tatizo utakalokutana nalo mapema ni mashine za wenzio. Umekompaili kwenye seva mpya kwa "-march=native" (yaani kwa ajili ya prosesa ile ile tu), mwenzio kaipeleka kwenye laptopu ya zamani isiyo na AVX2 (amri za prosesa za kisasa), inakufa palepale na "Illegal instruction" na yeye anadhani kemia ndiyo imemshinda. Kompaili kwa prosesa za kawaida, au kama inawezekana ipitishe conda-forge, ghala la programu zilizokwisha kufungashwa. Weka na jaribio dogo, molekuli moja ya maji kwa HF (mbinu rahisi ya Hartree-Fock) na STO-3G (basis seti ndogo), jiometri uiandike humo humo, jibu liwe karibu na -74.96 Hartree (kipimo cha nishati), asiyelipata ajue tatizo liko kwenye usakinishaji kabla hajakuandikia. Namba ya toleo nayo usiisahau, na faili la kueleza unukuliweje, wahakiki wanauliza.

Na siku mtu wa kampuni akija kukusifia skripti yako kumbe uliiweka leseni ya MIT, inayoruhusu karibu kila kitu, usishangae hakukuomba, alishaichukua kitambo na ana haki, mradi jina lako na lile tangazo la leseni ameviacha humo.